Pombe: Mwenye fremu naye ana hesabu yake

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu Waislamu, uharamu wa pombe tumehubiriwa miaka mingi, na mara nyingi mahubiri hayo humlenga mnywaji peke yake. Leo napenda tumtazame muuzaji, na pamoja naye yule anayempa mahali pa kuuzia.

Madhara ya kinywaji hiki yamethibitishwa na matabibu. Katika ripoti yake ya mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019. Huharibu ini, hupandisha shinikizo la damu, humdhuru mtoto aliye tumboni, na huleta saratani ya kinywa, koo, ini, utumbo mpana na matiti. Mwezi Januari 2023 shirika hilo lilitamka kwamba hakuna kiwango cha unywaji kinachoweza kuitwa salama. Mtume (SAW) alikwisha kutufundisha kuwa kinachilevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu.

Pombe haramu za vichochoroni zina balaa zaidi, kwani baadhi ya wapishi huzichanganya na methanoli, kemikali inayopofusha macho na kuua. Mwezi Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo. Wapo waliosalimika, lakini wakapoteza nuru ya macho yao.

Hayo ni ya mwili. Nyumbani, ada ya shule hugeuka deni, mke hupigwa, na watoto hujifunza kumwogopa baba kabla ya kumheshimu. Katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, Mola wetu ametueleza kuwa shetani hutumia ulevi kutia uadui na chuki baina yetu na kutuzuia na Sala. Nyumba ya mlevi ni ushahidi wa aya hizo.

Serikali zetu nazo zimechukua hatua. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilipiga marufuku kuwauzia pombe walio chini ya miaka 18. Ilielekeza pia kwamba baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi na zifungwe saa 5 usiku, na kwamba zikae mbali na shule. Nchini Tanzania, mwezi Februari 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza zuio la pombe kali za viroba, likaanza kutekelezwa tarehe 1 Machi mwaka huo. Wengi wetu tunavikumbuka vipakiti vile, vilivyouzwa kwa bei ndogo stendi na vibandani, na kuingia kwa urahisi katika mfuko wa sare ya mwanafunzi.

Sheria hizo haziwezi kumfanya mlevi awe mchamungu. Kazi yake ni kuuweka mkono wa kijana mbali na chupa. WHO nayo huzishauri nchi zipandishe kodi ya pombe, zizuie matangazo yake na zipunguze upatikanaji wake. Wanazuoni wetu huliita jambo hili saddu dharia, yaani kuziba njia zinazoelekea kwenye uovu.

Mtume (SAW) aliziba njia hizo zote. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi, laana imetajwa kwa watu kumi kwa ajili ya pombe. Miongoni mwao ni anayeikamua, anayeibeba, anayeinywesha, anayeiuza na anayekula thamani yake. Mnywaji ni mmoja tu kati ya kumi hao.

Hapa ndipo penye mtihani wetu. Katika miji yetu, zimo baa na maduka ya vileo ndani ya fremu zinazomilikiwa na familia za Kiislamu. Utamsikia mwenye nyumba akisema, “Mimi sinywi wala siuzi, napokea kodi yangu tu.” Pengine nyumba hiyo ni ya mirathi, na kodi hiyo ndiyo inayowasomesha mayatima. Uzito huo tunaufahamu. Hata hivyo, wanazuoni wengi wamesema haijuzu kumkodisha mtu nyumba ilhali unajua ataifanya ya kuuzia pombe. Hoja yao ni aya ya 2 ya Suratul-Maida, inayotukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Na mwenye kuwalisha mayatima ana wajibu zaidi wa kuwatafutia kilicho halali.

Basi ndugu warithi waketi pamoja. Mkataba uliopo uheshimiwe kwa mujibu wa sheria za nchi, na muda wake ukiisha usihuishwe. Mkataba mpya uandikwe sharti kwamba fremu haitauzwa vileo. Ikiwa muuza nguo au fundi cherehani atatoa kodi pungufu, hicho kidogo kina baraka. Na pale baa inapokiuka saa au kuwauzia watoto, wazazi wapeleke malalamiko yao kwa viongozi wa mtaa na mamlaka ya leseni, kwa utulivu na bila kujichukulia sheria mkononi.

Pombe ilipoharamishwa Madina, masahaba hawakungoja mtu aje kuwakagua. Sahaba Anas bin Malik (RA) ameeleza namna alivyoamriwa kuimwaga ile aliyokuwa akiwanywesha wageni, ikatiririka njiani. Ilikuwa mali yenye thamani, na wenyewe ndio walioimwaga.

Tumwombe Mwenyezi Mungu (SW) atutosheleze kwa halali yake, na awaponye ndugu zetu waliotekwa na ulevi. Amin.

Wabillahi tawfiq.