Nani Aliyeigawa Anwani Yako?

Mpwa wangu, tunayeishi naye hapa mtaani Tena, Nairobi, alikosa mahojiano ya kazi kwa sababu ya matangazo. Barua pepe ya kumwita ilifika mapema, lakini ilizikwa chini ya rundo la barua za kamari, mikopo na viatu vya bei nafuu. Alipoiona, siku ya mahojiano ilikuwa imepita.

"Mjomba, ni nani aliyewapa watu hawa anwani yangu?" aliniuliza kwa uchungu.

Swali hilo lina jibu. Mwenye anwani ya Gmail, huduma iliyoanzishwa mwaka wa 2004, anaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lake. Kama anwani yako ni jinalako@gmail.com, mpe mwenye duka jinalako+duka@gmail.com. Chuoni andika jinalako+chuo@gmail.com. Hufungui anwani mpya, kwani barua zote huingia katika kisanduku kile kile.

Faida yake ni nini? Tangazo la kamari likikujia kupitia anwani yenye neno "duka", umejua lilikovujia. Kisha iagize Gmail itupe kila barua inayotumwa kwa anwani hiyo. Barua za chuo na za kazi hazitaguswa.

Hata hivyo, jihadhari. Baadhi ya fomu huikataa alama hiyo, na watumaji wajanja wanaweza kuifuta. Pia, weka kumbukumbu ya neno ulilotumia kila mahali, usije ukashindwa kuingia katika akaunti yako.

Kero hii si ya jana. Mnamo 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital, Marekani, alituma tangazo kwa watu wapatao 400 kwa mpigo. Wengi walikasirika. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamzuia mfanyabiashara kutumia habari zako kujitangazia bila idhini yako au ruhusa ya sheria. Malalamishi hupelekwa kwa Kamishna wa Data, na neno lile ulilobandika litakusaidia kueleza kisa chako.

Mpwa wangu bado anatafuta kazi. Siku hizi kila ombi lake lina neno "kazi" katika anwani, na majibu huwekewa nyota yanapoingia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.