Sahani ya Karanja Mjini Garissa

Mtu akikutajia Garissa, ndugu msomaji, la kwanza linalokujia ni jua, la pili ni ngamia, na la tatu huenda likawa soko la mifugo, ambalo watu wa Nairobi na Mombasa hulitegemea kwa kitoweo chao bila ya kulijua. Hakuna anayefikiria meli. Mto Tana upo, na daraja lake lipo, lakini bahari iko mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi kupitia Hola na Garsen. Hata hivyo, nchi ile ya kaskazini mashariki ina mizaha yake ya bahari. Kule Wajir, penye mchanga na visima, maofisa wa Kiingereza wa zamani walikuwa na klabu yao waliyoiita Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya kifalme ya mashua za matanga, mahali ambapo hata bata hapati maji ya kuogelea. Walijicheka wenyewe, na jina likadumu.

Mimi leo nataka kuzungumza juu ya jambo la bahari lisilokuwa mzaha, nalo ni vyombo vya kauri vya meli za abiria: sahani, mabakuli, vikombe na mabuli yaliyokuwa yakiandikiwa meza za daraja ya kwanza, zama ambazo mtu akitaka kwenda Bombay au London alipanda meli, si ndege.

Ulaya na Marekani wako watu ambao kazi yao ni kuvikusanya vyombo hivi. Wapo wasiokusanya ila vya kampuni moja, na wapo wasiotaka ila vya meli moja. Maarufu kupita vyote ni vya Titanic, iliyozama mwaka 1912. Wapiga mbizi wa mashine walipoanza kuviokota vitu vyake mwaka 1987 na miaka iliyofuata, palionekana sahani zimejipanga mchangani safu kwa safu, zimesimama kama zilivyopangwa kabatini. Kabati lenyewe la mbao limekwisha kuliwa na bahari. Mbao zimekufa, chuma kinakufa, kauri ingali inangoja mlaji.

Sisi watu wa pwani si wageni wa mambo hayo. Nenda Lamu au Pate ukaone zidaka katika kuta za nyumba za mawe, zilizochongwa makusudi ili kauri ikae ionekane. Nenda Mambrui ukaone nguzo ya kaburi iliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Bibi zetu waliozaliwa zama za Waingereza walithamini mabakuli ya Maastricht, nchi ya Uholanzi, kutoka kiwanda kilichoanzishwa na Petrus Regout mwaka 1836, chenye alama ya mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu. Kwa hivyo akija mtu leo akadai kwamba kukusanya kauri ni fasheni ya wazungu, mwambie akaizuru ile nguzo ya Mambrui kwanza.

Sahani ya meli ina tabia zake. Ni nzito kuliko ya nyumbani, kitako chake ni kipana, na ukingo wake ni mnene, kwa sababu meza ya meli haitulii. Bahari ilipochafuka, waandazi waliinua vizuizi vya mbao pembeni mwa meza na wakakirowesha kitambaa cha meza maji kidogo, ili vyombo vishike visiteleze. Usoni hupigwa nembo ya kampuni, aghalabu ukingoni. Mgongoni ndiko kwenye siri: jina la mtengenezaji, mara nyingi wa mji wa Stoke-on-Trent ulioko Uingereza, na huenda pakawa na neno England. Neno hilo lilienea tangu mwaka 1891, pale Wamarekani walipoanza kutekeleza sheria kwamba bidhaa iingiayo kwao iandikwe nchi ilikotoka. Ukiona Made in England, basi jua kwa kawaida ni ya karne ya ishirini. Lakini angalia jambo moja, kwani hapa ndipo wengi hujikwaa: sahani nyingi zina jina la kampuni tu, hazina jina la meli. Kampuni ilizihamisha kutoka meli hii hadi ile kama mama wa nyumba ahamishavyo sufuria.

Kwa pwani yetu, kampuni iliyotawala ilikuwa British India, yenye meli za dohani nyeusi iliyozungushwa mikanda miwili myeupe. Ilianza kuleta barua Zanzibar mwaka 1872. Meli zake mbili, Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, zilikuwa zikienda London kwa njia ya Suez. Kulikuwa pia na Union-Castle, ambazo miili yake ilipakwa rangi ya zambarau iliyofifia, na za Kitaliana za Lloyd Triestino. Zikafa zote kwa ajili ya ndege, na kwa ajili ya mfereji wa Suez uliofungwa tangu 1967 hadi 1975. Uganda, baada ya kufanywa meli ya hospitali katika vita vya Falkland mwaka 1982, ilipelekwa Taiwan mwaka 1986 kuvunjwa. Tufani ikaisukuma ikapanda ufukweni.

Lakini iliyokaa zaidi katika ndimi za watu wetu ni meli ya Bombay, na jina lake ni Karanja. Hiyo sikubahatika kuipanda. Ilipoacha safari zake za Afrika mwaka 1976 mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, ningali nahangaika na juzuu ya amma.

Vyombo vya meli vilishuka Kilindini kwa njia mbili, ya mnada na ya dirishani. Ya mnada inajulikana. Ya dirishani ni kwamba mwosha vyombo alijua sahani moja ikikosekana itahesabiwa imevunjika na mawimbi, na mawimbi hayashitakiwi.

Sasa twende Garissa. Nilifika huko kwa shughuli ya arusi, na katika kuzungumza na wenyeji nikauliza, kwa udadisi wangu, kama kuna nyumba zenye kauri za zamani. Wengi walicheka, na walikuwa na haki. Mfugaji wa Kisomali ana vyombo vyake vya asili, navyo ni vya mti na vya nyuzi zilizosukwa: vibuyu vya maziwa vinavyofukizwa kwa moshi wa kijiti ili maziwa yasiharibike, na bakuli la mti la kulia. Ngamia huinuka kwa mishindo mitatu, na kila mshindo ni msiba kwa kikombe. Kauri ni chombo cha mtu aliyekwisha kujenga ukuta. Kwa hivyo ukiikuta Garissa, umekuta habari ya mtu aliyeacha kuhama.

Nilielekezwa kwa mama mmoja katika mtaa wa Bulla Iftin, mtu mzima wa miaka themanini na ushei, ambaye wajukuu wote wa mtaa humwita Ayeyo, yaani bibi. Nami nikamwita hivyo. Alinipokea kwa chai ya maziwa yenye iliki, kisha akamtuma mjukuu wake wa kike ndani. Kikaletwa kitu kimefungwa katika kitambaa cheupe cha pamba, na juu yake pakanukia marashi.

Ilikuwa sahani ya chakula, nyeupe, pana, nzito. Ukingoni mna nembo ndogo yenye herufi za British India. Mgongoni mna jina la Stoke-on-Trent na Made in England. Upande mmoja umepita mstari wa rangi ya kahawia, kama uzi, na mng'aro wake umepasuka vipande vidogo vidogo mithili ya ardhi ya kiangazi.

"Unaila chakula hii?" nikauliza.

"Astaghfirullah, mwanangu. Hii ya dawa."

Nikaelewa papo hapo, maana hata kwetu sahani za namna hiyo zimo. Ni sahani ya kombe. Msomaji asiyejua, na ajue: mwalimu huandika aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, ikisha huziosha kwa maji au marashi, na mgonjwa akayanywa maji yale. Wasomali nao wana maji yao ya kusomewa. Na kwa kazi hiyo sahani ya meli haina mpinzani. Ya bati huchubuka ikashika kutu. Ya plastiki hunyonya zafarani ikabaki manjano. Lakini ile ya meli, iliyochomwa kwa moto mkali ili istahimili vishindo, huandikika vizuri na kuoshwa ikarudi nyeupe. Mchoraji wa nembo ya kampuni hakupata kuota kwamba kazi yake ingeizunguka aya ya Kursiyu.

Ayeyo akanisimulia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Kabla ya vita vya Mussolini alikwenda Bombay mara mbili na kurudi, akiwa abiria wa sitahani, yaani wale wanaolala juu ya mikeka yao na kujipikia chakula chao. Katika ukumbi wa kulia wa daraja ya kwanza hakuingia hata siku moja. Safari ya pili alimnunulia mkewe sahani hii kwa Mgoa mmoja mwandazi. Meli ilikuwa Karanja. Jina hilo Ayeyo alilitamka polepole, silabi baada ya silabi, kama mtu anayehesabu fedha.

Ndipo likaja la mnunuzi. Mtu mmoja kutoka Nairobi, anayezunguka miji akinunua vitu vya kale, aliiona sahani ile miezi michache kabla yangu. Aliitaka, na alitaja bei nzuri kama ingethibitika kuwa ni ya Karanja. Mjukuu yuko chuoni, karo haingoji, na Ayeyo hakuwa mtu wa kukataa bila kusikiliza. Lakini mnunuzi aliporudi alikuwa na sura nyingine. Alisema amechunguza, na Karanja iliundwa mwaka 1948. Baba wa Ayeyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa ameacha safari kabla ya vita. Kwa hivyo hadithi ni ya uongo, na sahani ni sahani tu. Kama anayo karatasi, tikiti au pasi, na aitoe.

"Karatasi nitaitoa wapi?" Ayeyo aliniuliza. "Karatasi zilikuwa Bulla Kartasi."

Anayeijua Garissa hahitaji kuelezwa zaidi. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa wa Bulla Kartasi. Watu wakauawa, na wengine wengi wakakusanywa katika Shule ya Msingi ya Garissa, wakawekwa siku kadha bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Nyumba ya Ayeyo iliungua na sanduku la baba yake ndani. Alipoachiliwa alirudi kufukua majivu, na kilichotoka kizima ni sahani. Ule mstari wa kahawia na ile mipasuko ni ya siku hiyo. Nembo haikufutika kwa sababu ilichapwa chini ya mng'aro, na kilicho chini ya mng'aro moto wa nyumba haukifikii.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1989, serikali ikawataka Wakenya wa asili ya Kisomali wathibitishe uraia wao, wakasailiwa na kupewa kadi za rangi ya waridi. Akaulizwa tena karatasi za baba. Huyu wa Nairobi, basi, alikuwa wa tatu au wa nne kumtaka Ayeyo karatasi ya baba yake, na sidhani kama mwenyewe alijua kwamba amejipanga katika safu hiyo.

Sasa hapa ndipo nilipofurahi kwamba nimetoka Mombasa. Karanja zilikuwa mbili! Ile ya 1948 ilirithi jina la dada yake mkubwa, aliyeundwa Glasgow mwaka 1931, akafanya safari hizo hizo za Bombay na Afrika Mashariki miaka yote ile ya kabla ya vita. Vita vilipokuja, jeshi la majini la Kiingereza liliichukua meli hiyo ikawa ya kushusha askari. Ilikwenda Madagaska mwezi wa Mei 1942, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikapigwa mabomu ya ndege ikazama Bougie, pwani ya Algeria. Mnunuzi alisoma habari za mdogo mtu, hakujua kama kuna mkubwa. Mfanyabiashara wa ngozi wa miaka ya thelathini, akisema alipanda Karanja, amesema neno linalokwenda sawa na tarehe.

Alama ya mgongoni nayo haimkanushi. Kwamba imetoka Karanja hasa, wala si meli nyingine ya kampuni ile ile, hilo hakuna fundi wa kauri atakayelisoma katika sahani. Limo katika ulimi wa Ayeyo peke yake. Ndiyo maana nilimwambia mjukuu alete daftari. Tukaandika jina la babu, mwaka kwa kukisia, bandari, meli, Mgoa, mahari, moto, na kombe lililoandikiwa nani na nani. Ayeyo akaweka alama ya dole gumba chini. Nawasihi na wengine wenye vyombo kama hivi, Lamu, Isiolo, Zanzibar na kwingineko, wafanye hivyo kabla ya kutaja bei yoyote, maana mnunuzi huondoka na chombo, na mara nyingi habari zake hazitaki.

Sikumwambia auze, wala sikumwambia asiuze. Karo ni karo. Mjukuu alimpigia simu mnunuzi mbele yetu akamweleza habari ya Karanja mbili. Bwana yule alinyamaza kidogo, kisha akasema bei ile ya kwanza ingalipo, na huenda ikapanda. Ayeyo akaomba simu. Akamwambia aje mwenyewe Garissa, akae hapa mkekani, aseme mbele ya wajukuu kwamba baba yao mkubwa hakusema uongo. Mambo ya fedha yatafuata.

Siku ya tatu nilipopanda basi la alfajiri, bwana yule alikuwa hajafika. Sahani ilikuwa imeazimwa nyumba ya pili, kwa mtoto mwenye homa.