Fahari au Akiba? Saluni ya Petroli na Umeme Yapimwa Mizanini

Ndugu msomaji, baada ya kiwanja na nyumba, gari ndicho kitu cha gharama kubwa kuliko vyote ambavyo familia nyingi za mjini hununua. Pesa zake hukusanywa kwa miaka mingi, na kosa likitendeka siku ya kununua, ada za shule na chakula cha watoto ndivyo vinavyolipia kosa hilo. Kwa sababu hiyo, wiki hii ukurasa wetu wa nyumba waweka kando kwa muda mambo ya jiko na cherehani, ili tulipime gari la aina moja ambalo huwavutia wengi: saluni ndogo ya kifahari inayokwenda kwa petroli na umeme kwa pamoja, yaani gari la mseto, au haibridi kama wasemavyo mafundi.

Mfano tuuchukuao ni Lexus HS 250h. Twalichagua gari hili kwa sababu mbili. Kwanza, lilikuwa gari la kwanza la Lexus lililobuniwa kuwa la mseto tu, bila ndugu yake wa petroli tupu. Pili, huko Japani lilitengenezwa lenye usukani upande wa kulia, nalo liliendelea kuuzwa kuanzia mwaka 2009 hadi mwaka 2018. Hivyo limo katika kundi la magari yaliyotumika ambayo hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha yakapandishwa bara.

Asili yake

Kampuni ya Toyota ilianza kuuza gari la mseto, Prius, nchini Japani mnamo Desemba 1997. Prius ilikuwa gari la mtu wa kawaida, lenye kusifiwa kwa kubana petroli na si kwa starehe. Miaka kadhaa baadaye Toyota ilitaka kumpata mnunuzi mwenye fedha zaidi, ambaye angependa kubana petroli lakini hakuwa tayari kuacha viti vya ngozi na utulivu wa ndani. Basi mwezi Januari 2009, katika maonyesho ya magari ya Detroit, Marekani, HS 250h ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, na mwaka huo huo ikaanza kuuzwa Japani na Marekani.

Gari hili lina urefu wa karibu mita 4.7 na uzito wa zaidi ya kilo 1,600. Injini yake ni ya lita 2.4, yenye silinda nne, na nguvu za farasi 147. Ikisaidiwa na mota ya umeme, nguvu zote kwa pamoja hufikia farasi 187. Sehemu ya plastiki za ndani na za buti ilitengenezwa kwa malighafi itokanayo na mimea, jambo lililokuwa geni wakati ule.

Namna linavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kwamba gari la namna hii lazima lichomekwe kwenye umeme wa nyumbani. La hasha. Halina waya wa kuchomeka. Chakula chake ni petroli peke yake, na umeme wake hulizalisha lenyewe.

Dereva akiondoka taratibu, mota ya umeme ndiyo inayolisukuma gari, na injini hukaa kimya. Mwendo ukiongezeka au mlima ukitokea, injini huamka na kusaidiana na mota. Gari lisimamapo kwenye taa za barabarani, injini huzimika yenyewe. Na hapa ndipo penye siri kubwa: dereva akanyagapo breki, mota hugeuka kuwa jenereta. Nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea bure kwa joto la breki, hugeuzwa kuwa umeme na kuwekwa katika betri kubwa iliyoko nyuma ya viti vya abiria. Ni sawa na mama wa nyumbani asiyemwaga maji aliyooshea mboga, bali huyatumia kumwagilia bustani.

Ziko faida nyingine zitokanazo na mpango huo. Breki hazilaki upesi, kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Kadhalika, kipoza hewa huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo abiria huendelea kupata ubaridi hata injini ikiwa imezimika katika msongamano wa magari.

Hesabu ya petroli

Sasa tuingie katika hesabu, maana maneno matamu hayajazi tangi. Kwa vipimo rasmi vya serikali ya Marekani, HS 250h hutumia takriban lita 6.7 kwa kila kilomita 100 za mjini, na lita 6.9 kwa kila kilomita 100 za barabara kuu. Tulilinganishe na Toyota Camry ya petroli tupu ya mwaka 2009, yenye injini ya lita 2.4 vilevile. Hiyo, kwa vipimo hivyo hivyo, hutumia lita 11.2 mjini na lita 7.6 katika barabara kuu.

Tazama vyema tarakimu hizo, ndugu msomaji, kwani ndani yake mna uamuzi wote. Tuseme familia huendesha gari kilomita 15,000 kwa mwaka. Ikiwa safari zote ni za mjini, Camry itahitaji lita 1,680 hivi, na HS 250h lita 1,005. Akiba ni karibu lita 675. Lakini ikiwa safari zote ni za barabara kuu, Camry itakunywa lita 1,140 na HS 250h lita 1,035. Akiba yashuka hadi lita 105 tu kwa mwaka mzima.

Maana yake ni nyepesi kueleweka. Gari la mseto hupata riziki yake pale penye kusimama na kuondoka, kukanyaga breki na kungoja. Palipo na mwendo mrefu usiokatika, breki hazikanyagwi, na betri haina cha kuokota. Mwalimu akaaye pembezoni mwa jiji, ambaye kila asubuhi hukaa saa nzima katika foleni, atauona upungufu wa gharama mfukoni mwake. Mfanyabiashara ambaye kila wiki husafiri kilomita 500 kwenda mikoani asitarajie makubwa.

Chukua basi bei ya lita moja ya petroli mahali ulipo, uizidishe kwa lita utakazookoa, kisha utazame ni miaka mingapi itapita kabla ya akiba hiyo kufidia tofauti ya bei ya kununulia. Ikiwa miaka hiyo ni mingi kuliko umri uliobaki wa betri, basi huweki akiba. Unanunua fahari, na ni haki yako kuinunua, ila ujue jina lake.

Kwa nini Wamarekani waliliacha

Mwenye kununua gari lililotumika yampasa aulize pia kwa nini wa kwanza walilikataa. Nchini Marekani HS 250h ilianza kuuzwa kwa bei ya dola 34,200 hivi, ilhali Prius ya wakati huo ilianzia takriban dola 22,000 na kutumia lita 4.7 tu kwa kilomita 100. Aliyetaka akiba alichukua Prius. Aliyetaka starehe aliona kwamba kwa fedha zile angeweza kupata gari lenye umbo la kupendeza zaidi. HS 250h ikabaki katikati, haikumridhisha huyu wala yule, na mwaka 2012 ikaondolewa katika soko la Marekani. Mwaka huo huo Lexus ilileta ES 300h, gari kubwa zaidi, nalo likatumia petroli pungufu, lita 5.9 kwa kilomita 100.

Na si Lexus peke yake iliyopata funzo hilo. Honda nayo ilijaribu kuuza Marekani saluni ndogo ya kifahari ya mseto, Acura ILX Hybrid, yenye injini ya lita 1.5 na nguvu za farasi 111. Ilianza kuuzwa mwaka 2012, na ikaachwa baada ya matoleo ya miaka miwili.

Hata hivyo, kosa la mnunuzi wa kwanza laweza kuwa bahati ya mnunuzi wa tatu. Sababu kubwa ya kulikataa ilikuwa bei ya gari jipya. Bei hiyo ikishaanguka, yabaki ubora wa viti, utulivu na mtambo wenyewe. Mtambo huo ni wa jamii moja na ule wa Camry ya mseto, wala si kitu cha ajabu kisicho na ndugu.

Betri, moyo wa mashaka

Hofu ya kila mtu ni betri, nayo ni hofu ya haki. HS 250h ina betri ya nikeli yenye umeme wa karibu volti 245. Huko Marekani sehemu za mseto zilidhaminiwa kwa miaka 8 au maili 100,000, yaani kilomita 160,000 hivi. Gari likifikapo kwetu, aghalabu dhamana hiyo haipo, na betri imekwisha kula umri.

Betri huuawa na joto kuliko kitu kingine. Hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Mzazi akiziba tundu hilo kwa mablanketi, magunia au mabegi ya shule, au feni ikijaa vumbi la barabara zetu, betri hupata joto na kufa kabla ya siku zake. Hapana budi basi tundu liachwe wazi na feni isafishwe na fundi kila mara. Ni kazi ndogo inayookoa gharama kubwa.

Kuna jambo la usalama pia. Nyaya nene za rangi ya chungwa zilizo katika gari hili hubeba umeme uwezao kuua. Fundi ambaye hakufundishwa asiziguse, hata awe hodari namna gani kwa injini za kawaida. Na watoto wasiachwe kuchezea buti au boneti lililofunguliwa.

Kabla ya kutoa fedha

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la kifahari liuzwalo kwa bei ya kutupa lina habari ambayo muuzaji hajaisema. Yafaa mnunuzi afanye haya.

Kwanza, alipime gari asubuhi kabla halijapata moto, kisha aliendeshe kwa nusu saa au zaidi, mlimani na katika foleni. Akiona alama ya betri katika kioo cha dereva yapanda na kushuka upesi mno, au feni ya nyuma yapiga kelele daima, ajue betri imechoka.

Pili, atafute fundi mwenye kompyuta ya kupima betri sehemu kwa sehemu. Malipo ya kipimo hicho ni kidogo mbele ya hasara ya kununua betri nyingine mwezi wa pili.

Tatu, aulize kama gari lilitengenezwa katika wito wa kiwanda. Mwezi Februari 2010 Toyota iliyaita magari ya mseto, likiwemo hili, ili kurekebisha programu ya breki. Mwezi Juni mwaka huo huo iliita tena HS 250h zipatazo 17,000 huko Marekani, kwa sababu petroli ingeweza kuvuja baada ya kugongwa nyuma. Gari lililorekebishwa halina neno. Lisilorekebishwa si la kubebea watoto.

Nne, akumbuke umri. Uganda, kwa mfano, ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia magari yenye miaka 15 na zaidi yasiingizwe nchini. Mengi ya magari ya kwanza ya aina hii yamekwisha kufikia umri huo.

Tano, aitazame Toyota SAI. Hii iliuzwa Japani kuanzia Desemba 2009 ikiwa na injini na mota za namna moja na HS 250h, ila nembo ni ya Toyota. Atakayeipata kwa bei ya chini atakuwa amepata kazi ile ile, akakosa jina tu.

Hukumu yetu

Tukiweka yote mizanini, twaona hivi. Gari hili lafaa familia ya watu wanne au watano ikaayo mjini, iendeshayo katika foleni kila siku, yenye fundi wa mseto katika mji ule ule, na ambayo baada ya kununua bado imebakiwa na fedha za betri. Buti lake la lita 340 hivi latosha sokoni, lakini halitoshi mizigo ya harusi na misiba ya kijijini. Na kwa barabara za mashimo na matope, saluni nzito ya namna hii si chombo chake.

Familia itakayomaliza shilingi yake ya mwisho siku ya kununua, yashauriwa isilinunue. Si kwa kuwa gari ni baya, bali kwa kuwa betri haichagui mwezi wa kufa, na yaweza kuchagua mwezi wa ada za shule. Basi kabla ya kwenda kwa muuzaji, mke na mume wakae mezani na kalamu, waandike kilomita zao za mjini na za safari, bei ya petroli, na bei ya betri waliyoulizia kwa fundi. Wakiona hesabu yakubali, na walinunue kwa moyo mweupe. Ikikataa, wasione haya kupanda basi mwaka mmoja zaidi.