MIFUPA YA MTOTO MWENYE UGONJWA WA MISULI

Njia za Nzahaha, wilayani Rusizi, hupanda na kushuka vilima, na wakati wa masika huteleza. Mtoto mwenye afya akianguka hujipangusa tope na kuendelea na safari ya shule. Lakini kwa mtoto ambaye misuli yake inadhoofika, mwanguko mmoja waweza kuwa ndio mwisho wa kutembea.

Ugonjwa wa namna hiyo ujulikanao zaidi huitwa Duchenne, kwa jina la tabibu Mfaransa aliyeueleza katika karne ya 19. Huwapata hasa wavulana, yapata mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mtoto huanguka mara kwa mara, hushindwa kupanda ngazi, na ainukapo hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake. Huu si uchawi, wala si kosa la mama. Ni hitilafu katika chembe za urithi.

KWA NINI MIFUPA HUVUNJIKA

Mfupa hupata nguvu kwa kuvutwa na misuli na kwa kubeba uzito wa mwili. Misuli ikilegea, mfupa nao hupungua uimara. Tena, dawa za steroidi, kama prednisoloni, ambazo humwezesha mtoto kutembea kwa miaka zaidi, hudhoofisha mifupa. Hata hivyo mzazi asizikatishe ghafla, kwani jambo hilo laweza kuhatarisha uhai. Pingili za uti wa mgongo huweza kupondeka hata bila ya kuanguka. Basi mtoto akilalamika mgongo, asiitwe mvivu, apelekwe kwa daktari.

NYUMBANI

Apewe maziwa, mboga za majani na sambaza wa Ziwa Kivu, waliwao pamoja na mifupa yao. Apate jua, vidonge vya vitamini D viamuliwe na daktari. Sakafu iwe kavu. Akitumia kiti cha magurudumu, afungwe mkanda hata kwa safari fupi. Asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono, wawili wasaidiane.

AKIVUNJIKA

Asikandwe wala kunyoshwa. Kiungo kifungwe banzi, naye apelekwe kituo cha afya, na ikibidi Hospitali ya Mibilizi au ya Gihundwe. Daktari aelezwe mapema juu ya ugonjwa wa misuli na dawa anazotumia, hasa kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Aulizwe pia namna mtoto atakavyosimama upesi, kwa kuwa kulala majuma mengi ndani ya plasta huziiba nguvu zilizosalia. Siku za mwanzo, akipumua kwa shida au akichanganyikiwa, arudishwe hospitali mara moja: huenda mafuta ya mfupa yameingia katika damu.

Ndugu askari, kazi yako yaweza kukuweka mbali na nyumbani. Usimwachie mama mzigo huu peke yake. Uwapo likizoni, jifunze kumnyanyua mtoto ipasavyo. Na upatapo uhamisho, vyeti vyake vya matibabu viwe vya kwanza kufungwa katika mizigo, ili daktari mpya asianze upya.