Ndege anayevuka baridi kwa majani ya msonobari

Theluji inapofunika misitu ya misonobari ya Ulaya kaskazini, chakula cha ndege huwa haba na wengi huhamia kusini. Kapakeili (Tetrao urogallus), jamaa mkubwa wa kuku na kwale, habanduki. Hupanda juu ya msonobari akala majani yake, membamba, magumu, yenye utomvu, na kwa miezi kadhaa karibu hali kingine.

Jogoo hufikia kilo 4 hivi, mtetea nusu yake. Siri ya kuulisha mwili huo kwa majani yasiyo na lishe ya maana iko tumboni. Firigisi imejaa vijiwe vya kusagia. Mbele zaidi, utumbo una vifuko viwili virefu ambamo bakteria huchachusha kilichosagwa na kutoa nguvu ndani yake. Kuku wa nyumbani naye anavyo, ila vyake ni vifupi. Wengi wetu tumevitupa wakati wa kuchinja bila kuviangalia mara mbili.

Vifaranga majani hayo hawayawezi. Wiki za mwanzo hutegemea wadudu, hasa viwavi wa kwenye vichaka vya beri, na mvua ya baridi mwezi Juni huwaua wengi.

Kabla ya hapo, Aprili, majogoo hukusanyika alfajiri kuwatongoza mitetea: mkia wazi, shingo juu, sauti za kugonga, kisha mlio wa kukwaruza. Kwa sekunde chache za mkwaruzo huo jogoo hasikii kitu. Wawindaji wa zamani walilijua hilo. Walinyata hatua mbili tatu, wakasimama, wakangoja mkwaruzo mwingine.

Huko Uskoti ndege huyu alitoweka karne ya 18, akarudishwa kutoka Uswidi mwaka 1837. Hesabu ya 2021–22 ilikadiria wamebaki 532 tu. Kuwafuga na kuwaachia kungeonekana dawa rahisi, lakini tumbo hujengwa na chakula. Aliyekuzwa kwa nafaka huwa na utumbo na vifuko vifupi; akifika msituni, majani hayamshibishi, wala hajui kumwogopa mbweha. Majaribio mengi ya Ulaya yameshindwa hivyo. Ndiyo maana wafugaji makini huwapa matawi ya msonobari mapema, wangali bandani.