Mbele ya kupokea programu ya simu, wanachama waijaribu

Siku hizi koperative nyingi zinaletewa programu za simu: ya kuandika kilo za kahawa, ya kujua bei, ya kulipana. Zingine zinasaidia. Zingine zinaachwa nyuma ya miezi michache, watu wanarudilia kaye na biki. Juu ya nini?

Mara nyingi shida haiko kwa mkulima. Iko kwa yule aliyeichora bila kumtazama mkulima akiwa kazini. Mchoraji mzuri anaanza na watu, simu inafuata.

Tuchukue M-Pesa, ambayo iko hapa Kongo tangu 2012. Ilianzia Kenya. Mwezi wa kumi 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, pamoja na Safaricom, walianza kuijaribu na wateja wa shirika moja la mikopo midogo. Walitaka mtu alipe deni lake kwa simu. Lakini watu walifanya mengine: kutumia ndugu feza, kulaza humo feza za duka usiku, kuziweka mbele ya safari na kuzitoa wakifika. Wenye kuichora hawakusema watu wanakosea. Waligeuza kazi yenyewe. Mwezi wa tatu 2007 ilifunguliwa kwa wote kama njia ya kutuma feza nyumbani, na ilitembea hata kwa simu ndogo ya vibonye.

Basi programu ikifika kwenu, komite iulize:

– Walioichora walikuja kwenye mizani siku ya kupokea mazao?
– Rezo ikikosa, kazi inaendelea?
– Karani akiandika kilo 5 pahali pa 50, inasahihishwa namna gani?
– Mwanachama anabaki na ushuhuda gani wa kilo zake?

Kisha ichukue wanachama watano, wanawake na wanaume, hata asiyezoea simu. Wape kazi moja: «Andika kilo 12 za kahawa.» Usiwaonyeshe, tazama tu kidole kinakwama wapi. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufunua sehemu kubwa ya shida. Andikeni hizo shida, muwarudishie wenye programu wazitengeneze mbele ya kutia sahihi.

Na msimu wa kwanza, kaye isitupwe. Kila jioni karani alinganishe kaye na simu, mbele ya wanachama. Kilo inayopotea kwenye simu ni chakula cha jamaa ya mtu.