Uzito Hupungua, Seli za Mafuta Hubaki

Kila mwaka, siku chache baada ya Idi, hulisikia lalamiko lile lile kutoka kwa akina mama wetu: "Sheikh, nilijitahidi nikapungua, na sasa uzito umerudi wote. Nyumbani wananiambia sina subira." Lalamiko hili lastahiki jawabu la kielimu, si lawama.

Mafuta ya mwili huhifadhiwa ndani ya seli makhsusi. Kila seli ni mfano wa kiriba: hujaa mtu alapo kupita haja yake, na hunywea apunguzapo chakula. Je, tukondapo, viriba hupungua idadi, au hunywea tu?

Mwaka 2008, wataalamu wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden, akiwemo Kirsty Spalding, walitoa jawabu kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyofanywa angani kabla ya mwaka 1963, yaliongeza kaboni-14 hewani. Kaboni hiyo iliingia katika mimea, kisha katika chakula, na hatimaye katika miili ya wanadamu. Majaribio yalipokoma, kiasi chake kilishuka mwaka hadi mwaka. Hivyo kila seli hubeba alama ya wakati ilipozaliwa. Walipozipima, waliona kwamba kila mwaka takriban asilimia 10 ya seli za mafuta za mtu mzima hufa, na nyingine huzaliwa kushika nafasi zao. Hata waliokonda sana baada ya upasuaji wa tumbo, seli zao zilinywea, bali idadi haikupungua.

Idadi hiyo hupangika aghalabu utotoni na ujanani, kisha hutulia mtu afikapo miaka ya 20. Hata hivyo, mtu mzima anenepaye mno aweza kuongeza nyingine, hasa mapajani.

Umri nao una athari yake. Misuli hupungua, mafuta yaliyohifadhiwa huchelewa kutoka, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi huzidi kujikusanya tumboni, ambako huongeza hatari ya kisukari na maradhi ya moyo.

Basi mama aliyerudiwa na uzito asidharauliwe. Viriba vyake vingali vipo, vyangoja kujazwa. Wala asikate tamaa, kwani kupungua hata kidogo hushusha sukari na shinikizo la damu. Linalotakiwa ni kiasi cha mwaka mzima, si cha mwezi mmoja: kaimati chache, wali wa kadiri, na matembezi ya kila siku.

Na zaidi tuitazame sahani ya mtoto. Tusimsifu kwa unene, wala tusimbembeleze kwa soda na viazi karai kila jioni. Tumpe mbaazi, samaki, mchicha, matunda na maji, kisha tumwache acheze. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi.